Mashine Ndiyo Mshamba

Hakuna tusi linalomuuma kijana wa mjini kama kuitwa mshamba. Mwite maskini, atakujibu hata wewe huna kitu. Mwite mvivu, atacheka. Lakini mwite mshamba mbele ya washikaji zake, pale pale kijiweni, hapo umegusa donda. Ndiyo maana wengi wetu tunaitikia "ndiyo, ndiyo" hata pale tusipoelewa. Tunabonyeza "Nakubali" bila kusoma. Tunasimama mbele ya mashine ya kutolea pesa, foleni inatupumulia kisogoni, na kioo kinatuuliza jambo ambalo hatujui maana yake. Tunachagua tu, bora liende.

Sasa ndugu msomaji, mimi nimeishi na mashine hizi kama ulivyoishi nazo wewe, na ninataka kusema jambo moja. Mara nyingi sana, mtu anaposhindwa kutumia programu, au tovuti, au menyu ya simu, mshamba si yeye. Mshamba ni ile mashine. Imekuja kwetu bila kujua sisi ni nani, tunaitwaje, tunahesabuje saa, tunasomaje. Imefika ugenini, haijauliza njia, halafu inatukaripia wenyeji.

Hebu tuanze na kitu kisicho na umeme. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Nani aliwahi kupewa kitabu cha maelekezo ya mbuzi? Ubao wake umekaa kama kigoda, kwa hiyo unajua utakaa wapi. Meno yake yametokeza mbele, kwa hiyo unajua nazi itakwenda wapi. Mtoto akimwona mama yake mara moja, kesho anakuna mwenyewe. Ile mbuzi inasema bila kuandikwa neno.

Halafu nenda kwenye ofisi yoyote mpya hapa mjini yenye mlango wa kioo. Mlango una mkono mrefu wa chuma, umekaa kabisa kama kitu cha kuvutwa. Unavuta. Haufunguki. Unavuta tena, mlinzi anakutazama, dada wa mapokezi anatabasamu, ndipo unaona karatasi ndogo imebandikwa: SUKUMA. Unaingia ndani umeshaaibika kabla hujasema shida yako.

Kuna profesa mmoja Mmarekani, Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia, aliyeandika kitabu mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku, na milango ya namna hii ni miongoni mwa mifano yake. Hoja yake ni nyepesi: ikiwa kitu sahili kama mlango kinahitaji maandishi ili kitumike, basi kosa ni la aliyeutengeneza. Mkono wa kuvutia unamwambia mtu avute. Mtu ametii. Sasa kosa lake liko wapi?

Hoja hiyo ilikwenda mbali mpaka milango ya aina hiyo leo wabunifu wengi wanaiita kwa jina la profesa huyo. Na kioo cha kompyuta au cha simu nacho ni mlango tu. Wataalamu wa Kiswahili wanauita kiolesura, yaani pale ambapo mtu na mashine wanakutana uso kwa uso. Tofauti ni kwamba mlango wa ofisi ukikushinda utachekwa na mlinzi mmoja. Huu mwingine umesimama kati yako na mshahara wako, shule yako, hospitali yako na pesa ya bibi yako.

Milango hii ya vioo ina visa vyake, bwana. Mwaka 1995 ilitoka Windows 95, na pembeni chini kushoto kikawekwa kitufe cha "Anza". Mtu akitaka kuizima kompyuta afanye nini? Abonyeze Anza! Au tazama ile alama ya kuhifadhi kazi yako katika programu nyingi mpaka leo: ni picha ya flopi, kile kidude cha plastiki cha mraba kilichobeba megabaiti 1.44, ambacho mtoto wa sekondari wa leo hajapata kukishika. Hivi tunaweza kuvicheka tukaendelea na maisha. Tumevizoea kama tulivyozoea dirisha la daladala lisilofunguka.

Lakini viko visivyochekesha. Rafiki yangu mmoja, mwandishi chipukizi wa Mbagala, alitaka kupeleka hadithi yake kwenye shindano la nje. Hadithi aliifanyia kazi miezi minne. Fomu ya tovuti ikamshinda siku mbili. Kwanza ilitaka jina la ukoo. Yeye, kama watu wengi wa Pwani, ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi; hakuna ukoo hapo. Akaweka la babu, kwa sababu kisanduku kilikuwa na nyota nyekundu na hakikukubali kuachwa wazi. Ikataka jimbo. Orodha iliyotokea ilikuwa ya majimbo ya Marekani, yote 50, na wala hakukuwa na nafasi ya kusema "mimi si wa huko". Akachagua la kwanza, Alabama. Namba ya simu akaiandika inavyoandikwa kwetu, ikianza na sifuri, na mashine ikamjibu kwa wekundu: ingizo batili. Batili kivipi? Haikusema. Ni kama karani anayekurudishia karatasi dirishani, anasema "siyo", halafu anafunga pazia.

Hatimaye alifanikiwa. Barua ya kupokelewa ikaja, imeandikwa kwa heshima zote: Mpendwa Bwana Fulani, jina la babu yake. Yeye ni msichana, na babu huyo amezikwa Kilwa kabla yeye hajazaliwa. Basi tukacheka sana siku ile, tukamwita binti wa Alabama. Lakini tulipomaliza kucheka akasema neno moja ambalo limenikaa: "Yaani ili nipokelewe, ilibidi nidanganye kila mahali isipokuwa kwenye hadithi." Na hadithi ndiyo ya kubuni!

Halafu kuna saa. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa kuwa waliokosea ni wenzetu. Kila Mswahili anajua kwamba saa zetu zinaanza na siku. Huku karibu na ikweta jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo baada ya mapambazuko tunahesabu moja, mbili, tatu. Kioo cha simu kikionyesha 7:00, mdomo unasema saa moja. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuruka saa sita kichwani bila kufikiri. Huu si ushamba, ni hesabu, tena ya akili.

Shangazi yangu alikata tiketi ya basi la kwenda Iringa kwa simu. Ujumbe ukamjia kwa Kiswahili kizuri: safari yako itaanza saa 12:00. Kwa Kiswahili saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, na mabasi ya mikoani kuondoka saa kumi na mbili asubuhi ni jambo la kawaida kabisa. Shangazi akaamka saa nane usiku, akapika uji wa wajukuu, akakodi bodaboda gizani mpaka stendi ya Mbezi. Basi halipo. Kumbe mashine ilimaanisha saa sita mchana. Waliofasiri maneno yote ya ujumbe waliisahau saa yenyewe. Alikaa pale na mizigo yake kwa muda wa saa sita, na alipomuuliza karani, karani akamwambia, "Mama, kwani hukusoma tiketi?"

Aliisoma! Ndicho ninachosema. Aliisoma kwa lugha ile ile iliyoandikiwa. Kama ujumbe ungesema "saa 6:00 mchana", au hata ungeweka neno "mchana" tu, asingeteseka. Neno moja. Lakini shangazi aliporudi kutusimulia, alianza hivi: "Jamani mimi nimezeeka, sijui hata kusoma tiketi." Mashine imekosea, karani amemlaumu, na yeye mwenyewe amejilaumu. Kesi imekwisha bila mshitakiwa halisi kufika mahakamani.

Usidhani mambo haya yanatupata sisi tu wa huku. Novemba 2000, Wamarekani walipomchagua rais, wilaya moja ya jimbo la Florida iitwayo Palm Beach ilitumia karatasi ya kura yenye majina upande wa kulia na wa kushoto, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati kwa mstari mmoja. Jina la pili upande wa kushoto lilikuwa la Al Gore, lakini tundu la pili lilikuwa la mtu mwingine, Pat Buchanan, aliyekuwa upande wa kulia. Maelfu ya watu, wengi wao wazee, walitoboa tundu ambalo hawakulikusudia. Mwishoni George W. Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa tofauti ya kura 537, na kwa Florida akaupata urais. Wale wazee walitaniwa kwenye televisheni kwamba hawajui kutoboa karatasi. Aliyeipanga karatasi alitaka jema: alikuza herufi ili wazee wasome vizuri, ndipo majina yakashindwa kuenea upande mmoja. Nia njema peke yake haitoshi. Ilibidi mtu akae na mzee mmoja, ampe karatasi, anyamaze, amtazame.

Sasa nije kwa bibi yangu.

Bibi mzaa mama anaishi Muheza, na anasoma. Tafadhali liweke hilo akilini. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na mpaka leo anasoma gazeti likimfikia. Ila anasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Pesa za nazi zake anazipokea kwa simu ndogo ya vitufe.

Zile menyu za nyota na reli unazozijua hazikai ndani ya simu. Zinaletwa na mtandao, ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, kwa hiyo maneno yanakatwakatwa na kubanwa. Na kila ukurasa una muda wake. Ukichelewa kujibu unafungwa na unaanza upya. Bibi akifika mstari wa nne, kioo kinazima. Anaanza tena. Kinazima. Mara ya tatu anampa simu kijana wa kibandani pamoja na namba ya siri, kwa sababu kijana ni wa hapo hapo na humwamkia shikamoo kila asubuhi. Ilikwenda hivyo miaka miwili. Siku moja pesa za nazi, shilingi 140,000, hazikuwepo, na kijana naye hakuwepo.

Kikao cha ukoo kikakaa. Wajomba wakasema kwa zamu: Mama, namba ya siri ni siri. Mama, tumekwambia mara ngapi. Bibi alikuwa ameinama anachora chini kwa kijiti. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia kwa utani wake wa siku zote, lakini safari hii hakucheka: "Mume wangu, mimi si mjinga. Hiki kisimu kina haraka kuliko mimi."

Nikaomba ile simu. Nikampa mjomba mkubwa, mwalimu mstaafu, nikamwambia: shikamoo mjomba, naomba usome menyu hii kama mama yako anavyosoma. Kidole chini ya kila herufi, na usibonyeze mpaka umemaliza ukurasa. Mjomba akavaa miwani, akaanza. Ukurasa wa kwanza ulipita. Wa pili ukamzimikia usoni. Akajaribu tena, ukamzimikia. Akairudisha simu mezani polepole, na kwa muda hakuna mtu aliyesema kitu. Halafu akasema, "Sasa huyu mama afanyeje?"

Swali hilo ndilo lilipaswa kuulizwa miaka mingi nyuma, na aliyepaswa kuuliza ni aliyepanga ile menyu. Angeongeza muda. Angepunguza mistari. Mtu ambaye kila mwezi anafanya jambo moja tu, kutoa pesa, angelikuta jambo hilo namba moja. Haya hayahitaji sayansi ya kurusha roketi mwezini. Pale Kenya, ambako M-Pesa ilianza Machi 2007, watu walikuwa wakikosea tarakimu moja na pesa zinakwenda kwa mtu wasiyemjua. Baadaye ikaongezwa hatua ndogo: kabla pesa haijaondoka, unaonyeshwa jina la mpokeaji na unaweza kusitisha. Jina tu. Huduma zingine nazo zikafanya hivyo, na leo ni vigumu kukumbuka tuliishi vipi bila ya jina lile. Inawezekana, basi. Pesa za bibi lakini hazikurudi.

Naandika haya katika jarida la waandishi vijana, na pengine unajiuliza, haya ya vitufe yanatuhusu nini sisi wa mashairi na hadithi? Yanatuhusu, tena sana.

Fungua programu ya kuandikia, andika aya moja ya Kiswahili safi. Kwenye mashine nyingi utakuta karibu kila neno limepigiwa mstari mwekundu. "Mapambazuko" ni kosa. "Nimekukumbuka" ni kosa. "Jirani" ni kosa. Kwenye simu ni vibaya zaidi, maana yenyewe inarekebisha bila kuomba ruhusa. Unaandika neno la mama yako, linageuka neno la watu wengine. Sote tunajua mashine haijawekewa Kiswahili tu. Lakini jicho halijui. Jicho linaona wekundu, na tangu darasa la kwanza jicho limefundishwa kwamba wekundu ni mwalimu na maana yake umekosa. Nimeona vijana wenye kipaji wanahamia Kiingereza kibovu kwa sababu kule angalau ukurasa unabaki mweupe.

Na pale mashine inapojaribu Kiswahili, mara nyingi inajaribu kama mgeni aliyesoma kamusi kwa siku moja. Wametengeneza sentensi moja yenye pengo, kisha wanachomeka jina lolote. Kwa hiyo utasoma "Ujumbe imetumwa", "Watu 3 imeongezwa". Aliyeunda sentensi ile hakujua kwamba kwetu nomino ndiyo inayotawala, na kitenzi hufuata ngeli yake. Mtoto wa miaka minne wa Tanga hawezi kusema "watu imeongezwa". Mashine ya mamilioni inasema bila haya.

Wapo waliojaribu mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zilizokuwa na menyu za Kiswahili. Walikaa chini wakatafuta neno la kila kitufe. Ile kazi ilikuwa ya kompyuta, sawa, lakini ilikuwa pia kazi ya uandishi. Mtu aliyechagua kati ya "hifadhi" na "tunza" alikuwa anafanya kile kile unachofanya wewe usiku ukitafuta neno la mwisho la ubeti.

Fikiri basi, ni maandishi gani yanayosomwa na watu wengi zaidi hapa kwetu? Nadhani si riwaya, na shairi letu ndiyo kabisa. Ni zile menyu, na zile jumbe za "muamala wako haujakamilika". Mama ntilie anazisoma, dereva anazisoma, bibi yangu anazisoma kwa kidole. Na mara nyingi zinaelekea kuandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, au kufasiriwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na msomaji wake. Sisi tunaolalamika kwamba kazi zetu hazisomwi tumeacha ukurasa unaosomwa na nchi nzima uandikwe ovyo.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukikuta mlango umekushinda, kwanza usijilaumu. Mtazame aliyetengeneza. Ukimwona shangazi au bibi anapapasa kioo, usimnyang'anye simu ukamfanyia kwa kujidai. Kaa naye, tazama anakwama wapi, uandike. Na ukibahatika kufanya kazi na watu wa programu, hata kama ni kibarua cha kufasiri, ifanye kama unaandika hadithi yako bora.

Jaribu leo. Ujumbe wao unasema: "Ombi batili. Muda umekwisha." Mimi nimeuandika hivi: "Bado hujachelewa. Pesa yako iko salama na haijatumwa popote. Bonyeza 1 tuendelee pale ulipofika." Nimehesabu, ni chini ya herufi 182. Wewe utauandikaje?